Ushuhuda Uliosemwa Mara Saba

Kosa lilianza kwa mkalimani. Alimaliza habari kabla ya mwenyewe.

Maombi alikuwa bado anaeleza jinsi kamanda wa wenye bunduki alivyokaa kwenye benchi la mbele, amevaa kofia yake ndani ya nyumba ya Mungu. Akanyamaza kidogo ameze mate. Guy, kijana wa Bukavu mwenye tai ya zambarau na Kiingereza cha kumetameta, hakunyamaza. Akamwinua Maombi kwenye benchi, akampitisha katikati ya kwaya, akamtia mkono ndani ya kikapu cha sadaka, akamrudishia pesa yake, akampa na maneno ya kumwambia kamanda. Kisha akasikia ukimya wa chumba. Akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeshuka basi kwenye kituo kisicho chake.

Afisa wa wakimbizi, mwanamke mwembamba aliyeweka kikombe cha chai juu ya mafaili ya watu, akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Hajayasema hayo," akasema.

Guy akainamisha kichwa. Afisa akaendelea:

"Muulize alimwambia nini kamanda. Nawe ungoje amalize."

Guy akauliza. Maombi, mikono juu ya magoti, akajibu kama mumewe alivyomzoesha wiki nzima, kwa Kiswahili cha mimbarini ambacho hakukitumia hata kwa kumpigia kuku kelele: "Nilimwambia: Mungu hali kodi ya bunduki."

Afisa alisubiri tafsiri, ingawa uso wake ulikwishaifahamu. Akasema kwamba tangu mwezi wa tatu ameisikia sentensi hiyo mara sita. Mama Maombi ni wa saba. Wote walitoka kwenye kanisa hilohilo la Fizi, kule Kongo, wote walitia mkono katika kikapu hichohicho. Mmoja alikuwa mwanaume. Mmoja alikuwa Mrundi, kinyozi, na alipoulizwa Fizi iko wapi alionyesha upande wa choo cha ofisi.

"Ya mimi njo ya kweli," Maombi alisema.

"Na wale sita walisema hivyo."

Wiki mbili, afisa akasema. Alete mtu aliyekuwepo siku ile, au kitu chochote ambacho wale wengine hawana. Asipoleta, dosie, lile faili la kumtafutia nchi ya kuhamia, inafungwa. Dosie ilikuwa na miaka tisa, mmoja zaidi ya mtoto wake. Maombi akasema asante, kwa sababu ofisini mtu husema asante hata akipigwa kofi, akatoka kwenye upepo wa Julai uliokuwa ukisukuma vumbi la kambi ya Dzaleka kutoka mlango mmoja kwenda mwingine.

*

Mumewe, Bisimwa, alikuwa mwalimu wa historia huko Bukavu, na historia ni ugonjwa unaomfuata mtu hata ukimbizini. Wenzake walipofika kambini waliuliza chakula kinagawiwa wapi. Yeye aliuliza nani ana kalamu. Alipoambiwa kwamba mahali pale zamani palikuwa gereza, na kwamba walifungwa humo watu waliobishana na serikali ya Malawi, alifurahi mpaka wenzake wakamwonea aibu. Tangu siku hiyo akawa anawatafuta wakimbizi waliowahi kukataa. Sio waliokimbia tu, maana hao ni kambi nzima. Alitaka waliosimama mbele ya watu wao wenyewe wakasema hapana, wakachukiwa nyumbani kabla ya kuchukiwa na wenye bunduki. Alimpata mkunga aliyekataa kuwapitisha wake za wakubwa mbele ya foleni. Alimpata mzee wa Uvira aliyefunga mlango wa shule yake siku ambayo chifu alitaka kuifanya ghala la silaha. Kumi na mmoja kwa jumla, katika kaye tatu, madaftari ya shule yenye karatasi za mraba. Wa kwanza kabisa alimpata nyumbani kwake mwenyewe: mkewe, akipika maharage.

Kila Jumamosi mchana, katika kanisa la mabati nyuma ya kinu, kulikuwa na saa ya ushuhuda. Ushuhuda pale hutolewa kwa "mimi". Hakuna anayesimama kumshuhudia mwenzake, ataambiwa akae. Kwa hiyo Bisimwa aliziandika habari zote kwa "mimi", na kwa kuwa kambi ina masikio marefu, akafuta majina yote. Alisoma kwa sauti nzuri. Watu walilia. Wengine waliazima kaye waende kusoma vizuri nyumbani. Kwa maneno mengine, mwalimu alishona suti kumi na moja, hakuandika jina la mwenyewe ndani ya kola hata moja, kisha akashangaa watu walipozivaa.

"Hata batoto banaijua," Douce alisema. Alikuwa binti yao, miaka minane, mdomo wa miaka arobaini. "Banacheza nayo kule ku bomba ya maji. Mumoja anakuwa kamanda, mwingine anakuwa mama. Mi bananipatia kuwa kikapu."

"Douce, enda kucheza."

"Kikapu haichezeke, papa. Inakaa tu."

Maombi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani yake, bila kushona.

"Papa Douce, nilikupa habari yangu ndani ya nyumba. We ukaitandika inje kama nguo za kaunjika, mitumba ya soko, kila mutu anapita anapima kama inamutosha."

"Nilitoa jina yako juu ya kukulinda."

"Ulitoa jina yangu, na ingine yote ikaenda nayo."

Bisimwa akatembea kutoka ukutani hadi mlangoni, safari ya hatua tatu. Akasema kuna njia. Wale sita anawajua, ni yeye aliyewaazima kaye. Ataandika barua, kwa tarehe, kila mmoja aliichukua lini akairudisha lini. Afisa ataona nani alikuwa wa kwanza.

"Utabasemea?"

"Nitasema ukweli. Ni historia."

"Sasa njo unataka majina," Maombi alisema.

*

Antoinette aliingia kesho yake bila kubisha. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mjane, au pengine si mjane, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Mgongoni alimbeba mwanawe Christian ambaye miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu kwa kubebwa. Dosie yake ilikuwa imepita. Walikuwa wameshapimwa kifua, walingoja tarehe ya ndege. Akapiga magoti kwenye udongo, mtoto mgongoni, hivi kwamba Christian naye akawa anaomba msamaha bila kujua.

"Mama Douce, mi njo wa kwanza. Mi njo nilianza kuisema."

"Minajua."

"Ungesema ya kwako!" Bisimwa akafoka. "Kila mutu eko na ya kwake!"

"Ya kwangu ni gani, mwalimu? Bwana wangu alitoka kuuza mbuzi, akapita kununua chumvi. Hakurudia. Njo yote. Niliisema ile mara ya kwanza, nikaulizwa: nani alimukamata? Sijue. Juu ya nini? Sijue. Ilikuwa tarehe gani? Nikasema, ile siku chumvi ilikuwa imeisha. Bakaandika, bakanirudisha ku nyumba myaka ine." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nani atapandisha mutu ndege juu ya chumvi?"

Kwa mara ya kwanza tangu afike Malawi, Bisimwa alisikia habari ya mtu na hakutafuta kalamu.

"Minakuomba, musinitaje. Bakinitaja, bananishusha, na huyu mutoto..."

"Amuka," Maombi alisema. "Unachafua kitenge, na ni mimi nilikishona."

Antoinette akainuka. Maombi akamuuliza:

"Ule kikapu wa sadaka. Bakikuuliza ulikuwa rangi gani, unasemaka nini?"

"Nilisema... nyekundu."

"Hakukukuwa kikapu. Ilikuwa sahani ya plastiki, yenye ilipasuka pembeni. Kikapu ni ya Papa Douce. Aliona sahani haina heshima."

Antoinette akamgeukia mwalimu kwa macho ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Mwalimu akasema mwandishi ana ruhusa kidogo. Hakuna aliyemuuliza ruhusa hiyo alipewa na nani.

Antoinette alipoondoka, barua ya tarehe haikuzungumzwa tena. Ilibaki njia moja: mtu aliyekuwepo. Maombi alimjua mmoja. Aliyebeba ile sahani siku ile alikuwa shemasi kijana anayeitwa René, na mwanamke mmoja wa kwaya alisema amemwona Lilongwe, anakaa mtaa wa Biwi, anauza usipa, dagaa wa ziwani, katika soko la Tsoka.

*

Walimkuta saa nne asubuhi, nyuma ya vilima vitatu vya usipa mkavu, amenenepa, amevaa aproni ya bluu. Alimwona Maombi kabla Maombi hajafungua mdomo. Akainamia samaki wake.

"René. Ni mimi. Dada ya Akilimali."

"Sindikumva, amayi," akajibu kwa Kichewa. Sielewi, mama.

"Unaelewa. Uliimbaka tenor."

"Sindikumva."

Mteja akaja, akapimiwa kikombe, akapewa nyongeza. Mwingine akaja. René akawa anazungumza Kichewa kingi, cha haraka, kama mtu anayejenga ukuta tofali kwa tofali. Bisimwa akajitambulisha kwa Kifaransa, akajibiwa kwa Kichewa. Mwanamke wa meza ya jirani aliyeuza nyanya akawauliza kama wananunua au wanalinda. Wakasogea. Maombi akakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, katikati ya njia, kila anayepita na gunia akimwambia pisha, na Bisimwa akasimama nyuma yake na tai aliyoivaa kwa ajili ya shahidi. Jua likapanda likafika utosini. Wakaendelea kungoja.

Mwishowe samaki wakapungua na ukuta wa Kichewa ukachoka.

"Kuya huku nyuma," René alisema.

Nyuma palikuwa na magunia na harufu ya ziwa. Alizungumza akitazama mlangoni.

"Dosie yangu inasema mi niko mutu wa Bukavu. Nilizaliwa Bukavu, nilikimbia kutoka Bukavu. Fizi siijue. Nikisema nilikuwa ndani ya ile kanisa, kwanza bataniuliza: pale ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa unabeba sahani," Bisimwa alisema. "Hakuna mubaya."

"Nilibeba sahani yenye ilikuwa inatoka ku kanisa inaenda straight kwa kamanda, mwalimu. Mara ingine mi njo nilikuwa namupelekea, mukono kwa mukono. Unataka niseme ile?" Akacheka bila furaha. "Batu bote balijua. Njo maana balimukasirikia mama huyu. Hakuna mwenye hakujua, ila ni yeye alitufanya tuione."

Maombi akasema: "Sema tu yenye uliona. Nilichukua yangu, nikarudi kukaa. Sema ile tu."

"Ile tu?" René sasa akamtazama usoni. "Habari yako nimeisikia, mama. Mutu wa Dzaleka aliileta hapa soko, akaisema yote, batu bakashangilia. Ni habari muzuri. Lakini ndani yake sikusikia choo."

Bisimwa, ambaye angeweza kukutajia wafalme wa Bushi, ufalme wa kwao, mmoja baada ya mwingine bila kupumua, akaanza kusoma maandishi ya kwenye gunia la chumvi.

"Nyumba yetu ilikuwa inaangaliana na choo yenu," René aliendelea. "Nilisikia. Alikuita mara moja."

"Nyamaza."

"Ni we ulitoka Dzaleka kuya kutafuta shahidi. Shahidi anasema yote."

Hakuwa na ubaya, na hilo liliuma zaidi. Akawafungia usipa ndani ya gazeti, vikombe viwili vilivyojaa, akaunyoosha mkono. Maombi hakuugusa. Mkono uliopokea ulikuwa wa Bisimwa. Nyumbani kulikuwa na mtoto, na nsima, ugali wa huku, bila kitu ni nsima bila kitu.

*

Habari ya choo Bisimwa aliijua. Alielezwa mara moja, kabla Douce hajazaliwa, na hakuulizia tena.

Siku ya tatu baada ya ile ibada, mchana, wanaume wanne wa kamanda walikuja. Maombi hakuwa amejificha. Alikuwa ameenda chooni kama mtu yeyote aendavyo. Akawasikia wanamuuliza ndugu yake, Akilimali, miaka kumi na tisa, kitinda mimba: yuko wapi aliyejirudishia sadaka? Akilimali akasema ameenda shamba. Wakampiga. Akasema ameenda shamba. Wakampiga kwa kitu kingine, si mikono, na hapo akaita, "Yaya!" Dada mkubwa. Mara moja. Kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyejishika akifanya kosa. Hakuita tena, hata walipokuwa wanamburuta. Maombi alikuwa ameshika kwa mikono miwili gunia lililokuwa mlango wa choo, lisipeperuke.

Katika kaye iliandikwa: Walimuua ndugu yangu mbele ya macho yangu, nami nikiwalaani.

Kwenye kituo cha minibasi, wakingoja gari lijae, Maombi aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Juu ya nini ulitoa choo?"

"Niliona itakuumiza."

"Itaumiza mimi, ao itaumiza kitabu?"

Kondakta alikuwa anapiga bati, Dowa, Dowa, Dowa. 

"Batu balikuwa na lazima ya mutu wa kuangalia," Bisimwa alisema. "Mutu mwenye hakuogopa."

"Niliogopa. Hata ile siku ya sahani niliogopa. Na yale maneno ya bunduki sikusemaka, ni yako. Mi nilisema tu: nipe yangu. Sauti yenyewe haikutoka muzuri." Akasogeza kifurushi cha usipa kisimwagike. "Bale sita baliiba maneno yako. Yangu hakuna mutu aliiba, juu haikukuwa ndani. Ile mama wa ofisi alisema nilete kitu yenye bengine habana. Nitamupelekea."

"Maombi, ya kwanza iko mu kompyuta yake. Batasema umebadilisha."

"Sasa we unataka nipeleke nini? Tai yako?"

Bisimwa akaishika tai yake, kana kwamba kweli anafikiria.

*

Siku ya kumi na nne Guy alikuwa ameonywa. Alingoja kila sentensi ife kabisa kabla ya kuigusa. Mwanzoni alitafsiri kwa woga. Ilipofika kwenye sahani iliyopasuka pembeni alisita, kwa sababu alikuwa amezoea kikapu. Kuanzia hapo hakujua tena kinachokuja, akawa mkalimani.

Maombi alisema nipe yangu. Alisema jinsi mama mmoja wa kwaya alivyomtemea mate mlangoni, mama aliyemfundisha kuimba. Alisema siku tatu. Alisema choo, na ofisini neno hilo lilisikika kubwa mno. Alipolitaja lile neno ambalo Akilimali aliita, Guy hakulitafsiri.

"Amesema nini?" afisa akauliza.

"Dada," Guy alisema. "Amemwita dada." Akalegeza tai.

 Afisa akavuta kompyuta karibu, akapandisha kurasa, akasoma.

"Kwenye maelezo ya kwanza uliyoandikisha ulisema aliuawa mbele ya macho yako. Ukiwalaani."

"Ile ilikuwa ya kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Cha bwana yangu. Anaandika batu benye balikataa."

Guy alitafsiri sawasawa, neno kwa neno, na alipomaliza alitamani angekosea.

"Kwa hiyo mume wako anaandika habari, na watu wanazileta hapa."

"Hakubatuma. Balisikia ku kanisa."

"Nani hao? Ukinitajia majina ya wale sita nitaweza kukutenga nao. Vinginevyo mko kundi moja."

Maombi aliangalia kikombe cha chai kilichokuwa tena juu ya faili la mtu. Yawezekana alifikiri juu ya wale sita. Yawezekana alifikiri juu ya kinyozi Ntahomvukiye, ambaye siku hizi alikuwa akimnyoa Bisimwa vizuri kupita kiasi. Lakini aliloliona ni miguu mirefu ya mtoto inayoning'inia, na mtu aliyetoka kununua chumvi.

"Sibajue," alisema.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Akasema kwamba yeye, moyoni, pengine anamwamini. Lakini wakubwa hawasomi moyo, wanasoma karatasi, na karatasi sasa ina mtu mmoja mwenye habari mbili. Hawezi kupeleka habari mbili. Moja ni uongo, na aliyeusema uongo ofisini ni yeye mwenyewe Maombi. Dosie inafungwa. Anaweza kukata rufaa, kuna fomu, ila fomu zimeisha, arudi mwezi ujao aulizie.

Guy alitafsiri yote hayo akitazama ukuta.

Maombi akatia sahihi palipowekwa alama ya penseli. Akasema asante.

*

Nje, benchi la waliongoja lilikuwa limejaa mpaka mwisho. Pale kuna desturi ambayo hakuna aliyeitunga: anayetoka ndani huwaambia wanaongoja ameulizwa nini. Ukipita kimya unaonekana mchoyo, kama aliyepata maji akafunga bomba.

Bisimwa alisimama kwenye ukuta, kaye chini ya kwapa. Alimtazama mkewe usoni na hakuhitaji kuuliza. Akachuchumaa.

"Myaka tisa," alisema. "Maombi. Ni mimi."

Maombi akageukia benchi. Mwisho wa benchi msichana alikuwa anamvuta kitenge taratibu. Alikuwa na mtoto mchanga kifuani na viatu viwili visivyofanana.

"Mama, samahani. Naitwa Gabriella. Nimefika mwezi huu, natoka Fizi. Banakuuliza nini mule ndani?"

"Banakuuliza yenye ilikupata."

"Ya mimi..." Msichana akatazama chini. "Ya mimi sijue kuisema. Nikianza inakatika."

Watu wa benchi wakasogea, ikapatikana nafasi ya nusu mtu. Maombi akakaa. Huenda alitaka tu kupumzisha miguu. Lakini akaanza, kwa sauti ya kawaida, ile ya kusema maharage yameiva: siku ya kanisa, kamanda na kofia yake, sahani. Foleni ikasogea karibu. Wengine waliijua ile nyingine, ya kikapu, wakakunja uso waliposikia inakwenda kwingine. Akafika kwenye siku ya tatu, akafika chooni, mbele ya watu thelathini mchana kweupe, na hakushusha sauti.

Hapo ndipo Bisimwa alipoona midomo ya Gabriella. Ilikuwa inatembea, bila sauti, nyuma kidogo ya maneno ya Maombi, kama mtoto wa shule anayeshika sala.

Akainuka akaja kumwinamia mkewe sikioni. "Mama Douce. Anaishika. Anaiweka mu kichwa."

"Minaona."

"Sasa nyamaza basi!"

Maombi hakunyamaza. Alipunguza mwendo. Alisema sentensi moja akangoja, akasema nyingine akangoja, akimtazama msichana mdomoni kama anavyotazama sindano inapopita kwenye kitambaa kigumu.

"Akaita: Yaya," Gabriella alirudia, sasa kwa sauti.

"Mara moja tu. Usiseme mbili, hakuita mbili."

"Mara moja."

"Na ana jina. Bakikuuliza, useme na jina. Akilimali."

"Akilimali."

"Tena."